Utepe wa Bluu, Utepe Mwekundu

Hotuba ya Mheshimiwa Mashimba, Mratibu Mkuu wa Kanda wa Programu Mtambuka ya Kusoma na Kuandika katika Masomo Yote, aliyoitoa siku ya mwisho ya mwaka wa fedha katika uwanja wa Shule ya Sekondari Mwalo wa Jiwe, upande wa Kamanga. Yaliyotokea uwanjani yamewekwa kwenye mabano na mtu aliyekuwa amekaa karibu na spika na hakuwa na pa kukimbilia.

Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye amenituma niwaambie kwamba mgeni rasmi ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, na wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Maandalizi, na wa Kamati ya Chakula, ambayo naona ndiyo pekee iliyofika ikiwa na wajumbe wake wote. Mfadhili wetu Bwana Pankaj, mfanyabiashara maarufu wa Mwanza mjini, aliyetukatia vitambaa vya tepe zote mbili, akatuazima mkasi na kutuletea soda. Mkuu wa Shule Mwalimu Yeremia, ambaye tangu nimefika hajakaa chini, na nampongeza kwa utii huo. Viongozi wa dini zilizofika na wa zile zilizotoa udhuru. Walimu, wazazi, walezi, wavuvi, akina mama wa dagaa. Wanafunzi wapendwa, na hasa ninyi wa kidato cha nne mliosimama juani kizalendo tangu asubuhi. Na wengine wote ambao sikuwataja kwa sababu siwafahamu, itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya kilo, yale ya mpigo mmoja kwa amri, kama wanafunzi walivyofundishwa jana kutwa badala ya vipindi.)

Elimu hoyee!

(Hoyee!)

Mratibu hoyee!

(Mkuu wa Shule: Hoyee!)

Asanteni sana, nimeguswa, kwa sababu nimevuka ziwa asubuhi hii na kivuko, gari langu likiwa limetangulizwa mbele ya malori ya mchele na gari la wagonjwa, si kwa sababu mimi ni mtu mkubwa, hapana, mimi ni mtumishi tu, bali kwa sababu programu hii ni ya dharura, na dharura ya programu, kwa lugha ya kitaalamu, haipaswi kupangwa foleni na dharura za kawaida.

(Sauti ya mwanamume kutoka upande wa wazazi: "Mheshimiwa, Mwalimu Rebeka anabaki au anaondoka?")

Maswali ni mwishoni, mzee wangu. Ratiba ina kipengele cha maswali, ingawa kwa sababu ya ufinyu wa muda kipengele hicho kimeondolewa.

Ndugu wananchi, tatizo tulilokuja kulitatua leo ni kubwa na mimi ndiye niliyeligundua. Utafiti wetu wa kina, tulioufanya kwa njia jumuishi na shirikishi ukituhusisha mimi pamoja na dereva wangu tukiwa njiani, umebaini kwamba asilimia tisini na mbili ya wanafunzi wa sekondari wanaofeli swali la fizikia hawajafeli fizikia, wamefeli kulisoma swali. Nirudie kwa wale wanaoandika: hawajafeli fizikia, wamefeli kulisoma swali. Kauli hii ni yangu, ilinijia nikiwa naoga.

(Kidato cha nne kwa pamoja: "Ya Madam Rebeka hiyo!" Mkuu wa Shule anawakunjia uso.)

Mfano hai. Katika jaribio la mwezi wa pili mwaka jana, hapa hapa shuleni, liliulizwa swali, kwa nini mtumbwi uliopakiwa mizigo unazama zaidi ya mtumbwi mtupu, na unaanza kuingiza maji ukizidishiwa. Watoto wa hapa, ndugu zangu! Watoto ambao wamezaliwa mtumbwini, wamelelewa mtumbwini, wengine wameletwa shule leo kwa mtumbwi! Lakini swali lilikuwa na mistari minne ya Kiingereza, lina mabano, lina "isipokuwa" na "ilhali" za Kizungu, na watoto wakaandika majina yao vizuri kabisa, wakachora mstari, wakaishia hapo. Darasa zima likapata sifuri katika kitu ambacho wanakijua kuliko aliyetunga mtihani. Nilipolisoma jambo hili katika barua ya malalamiko ya Mwalimu Rebeka, anayefundisha fizikia hapa, niliumia sana, nikaiweka barua ile pembeni kwa heshima, na papo hapo nikaanzisha mchakato.

Mchakato huo ndio uliotuzalia Programu Mtambuka ya Kusoma na Kuandika katika Masomo Yote, yaani kwamba kusoma kusiachiwe mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza peke yao, bali mwalimu wa fizikia afundishe namna ya kusoma fizikia, wa jiografia afundishe kusoma ramani na maelezo yake, wa hesabu afundishe kusoma swali kabla ya kulikimbilia, na wa kilimo naye asome kitu. Jina hilo peke yake lilikula vikao vya robo ya kwanza vyote, tukiwa katika hoteli moja inayotazama ziwa, na niseme bila kujisifu kwamba neno "Mtambuka" ni mchango wangu binafsi. Robo ya pili tuliitumia kutafuta kifupisho, tukakikosa. Robo ya tatu tulikwenda kujifunza kwa wenzetu ambao tuliambiwa nao wanatafuta pa kujifunza, tukapishana nao njiani. Tuna fremuweki, tuna rodimapu, tuna dashibodi ambayo ikipata umeme itaonyesha kila kitu, na tuna mabango kule Mwanza mjini kuanzia stendi ya Buzuruga hadi Kiseke. Kwahiyo yule anayesema serikalini mambo hayaendi, hajapita Kiseke.

(Makofi. Bwana Pankaj anaangalia saa.)

Sasa nizungumzie mbinu yenyewe, maana wapo watakaosema Mratibu anaongea tu. Mbinu yetu inaitwa Soma, Funika, Sema. Mwanafunzi anasoma swali, anafunika kwa kiganja, halafu anamwambia mwenzake swali linataka nini, kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili, na akishindwa kabisa hata kwa lugha ya nyumbani, Kisukuma, Kijita, Kijaluo, yoyote ile. Akiweza kusema, anafunua na kujibu. Akishindwa kusema, anarudi kusoma. Hakuna kuandika jibu la kitu ambacho hujakisema. Mbinu hii haina gharama, jambo ambalo kwa kweli lilitusumbua sana wakati wa kuandaa bajeti.

(Kidato cha nne: "Ya Madam!")

Nasikia sauti. Nikiri kwa uwazi na uwajibikaji kwamba timu yangu ilipopita hapa mwezi wa tatu mwaka huu ikitafuta choo, ilikuta mbinu inayofanana na yetu ikitumika katika kipindi cha Mwalimu Rebeka. Ikumbukwe kwamba mwongozo ulikuwa bado haujatoka! Mwalimu huyu alikuwa anafundisha watoto kusoma ndani ya kipindi cha fizikia bila kibali, bila semina elekezi, na, nisikieni vizuri, bila posho! Ndugu zangu, mtu akianza kufanya kazi bila posho, wengine wataiga, na tutafika wapi? Hata hivyo busara ilitumika. Timu haikumchukulia hatua. Ilimpiga picha.

Na picha hiyo ndiyo mnayoiona kwenye bango kubwa hapo nyuma yangu, wanafunzi wamefunika madaftari kwa viganja, wanaongea, nyuso zao zimechangamka. Wapo wanaouliza mbona mwalimu aliyeinama katikati ana gauni lakini ana uso wangu. Hilo ni suala la mpangilio wa bango tu, na wataalamu wa grafiki wanaweza kulifafanua.

(Kicheko kirefu. Mratibu anakisubiri kiishe akidhani ni furaha.)

Ninyi ni watu wakarimu. Sasa niwaeleze kuhusu tepe hizi mbili, maana naona watoto wanazishangaa. Kama mnavyoona, kuna utepe wa bluu pale kwenye mlango wa darasa la kidato cha nne, na kuna utepe mwekundu hapa kwenye ngazi. Wa bluu ni wa kuzindua programu. Mwekundu ni wa kuhitimisha programu. Kwa kawaida kati ya tepe hizo unapita muda, lakini sisi mwaka wa fedha unaisha leo jioni, na fedha isiyotumika inarudi ilikotoka, na programu isiyohitimishwa haiwezi kuombewa awamu ya pili. Kwahiyo wataalamu wangu walikaa, wakafikiri nje ya utaratibu, wakaja na ubunifu ambao naambiwa haujawahi kutokea katika ukanda wote wa ziwa: nitakata wa bluu, nitatembea kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi, na nitakata mwekundu. Ule mwendo wa katikati ndio utekelezaji.

(Makofi ya wajumbe wa kamati. Wazazi wanatazamana.)

Na utekelezaji huo nitautembea polepole, ili msiseme tumelipua.

(Yule mwanamume amesimama. Ni Otuoma, mvuvi, mzazi wa kidato cha nne. "Mheshimiwa, nisamehe, mimi sijui mambo ya tepe. Binti yangu Truphosa alikuwa anasoma swali kama mtu anayepita makaburini, mbio, bila kutazama pembeni. Sasa hivi ananisomea kitabu cha injini ya boti, ananiambia baba, hapa wanasema ukichanganya oili hivi unaua injini. Nilikuwa naua injini miaka yote. Huyu mwalimu ndiye amefanya. Sasa tunasikia mnamchukua, na mtihani wa watoto ni Novemba. Nauliza tu. Anabaki, au anaondoka?")

Mzee Otuoma, kaa, kaa mzee wangu. Mpeni soda. Umeongea kwa uchungu wa mzazi na mimi ni mzazi pia, ingawa wangu wanasoma kwingine. Nilitaka jambo hili liwe zawadi ya mwisho, lakini kwa kuwa mmelilazimisha, nalitangaza. Programu hii, ili ifungwe kisheria, inahitaji ripoti ya utekelezaji yenye sura kadhaa, viambatisho, na sura moja ya simulizi za mafanikio. Tulitangaza nafasi ndani ya ofisi. Maafisa wangu wote wenye sifa walijaribu kuandika, na baada ya wiki nyingi ikadhihirika kwamba hakuna anayeweza kuandika aya mbili zikafuatana na kueleweka, na mimi mwenyewe niko bize. Tukajiuliza, katika kanda hii nani anajua kusoma kitu, akakielewa, akakisema upya kwa maneno yake? Jibu likawa moja. Kwahiyo, kuanzia kesho, Mwalimu Rebeka anahamishiwa makao makuu ya programu Mwanza mjini, kwa cheo cha Mwandishi Mwandamizi wa Simulizi za Mafanikio. Mpigieni makofi!

(Hakuna makofi. Mkuu wa Shule anapiga moja, anaacha.)

(Mwalimu Rebeka, kutoka safu ya walimu: "Sijaomba, mheshimiwa. Nina kidato cha nne, na hakuna mwalimu mwingine wa fizikia hapa. Nikiondoka leo, watoto hawa wanaingia kwenye mtihani wakiwa vipofu.")

Huo ni unyenyekevu, na unyenyekevu ni sifa ya ziada, itaingizwa kwenye faili lake. Lakini mwalimu mwenzangu, cheo hakiombwi, unapewa.

("Na hayo mafanikio nitayaandika nimeyaona wapi?")

Utayaandika umeyaona hapa, kwenye darasa lako! Wewe ndiye simulizi, wewe ndiye mwandishi, ofisi inaokoa nauli ya kuwatafuta wote wawili. Kiolezo kipo tayari, matokeo yameshajazwa, asilimia mia na nne, kazi yako ni kuziweka sentensi vizuri. Na kuhusu fizikia, ofisi haijalala. Hadi atakapopatikana mwalimu mwingine, kipindi hicho kitasimamiwa na bango.

(Minong'ono. Msichana wa kidato cha nne amenyoosha mkono. Ni Truphosa. Mkuu wa Shule anamwashiria aushushe, haushushi.)

Mwache, Mwalimu Yeremia, mwache, mimi si mtu wa kuogopa watoto. Tena huyu amekuja wakati mwafaka, maana ratiba inasema kabla ya utepe tuwe na onyesho la stadi. Njoo mbele, binti. Unaitwa Truphosa, binti wa Mzee Otuoma, vizuri sana. Waheshimiwa, hapa kuna kibao cha marumaru ambacho kitabandikwa ukutani baada ya sherehe. Bwana Pankaj, tusaidie kukifunua. Binti, tuonyeshe matunda ya programu. Soma kwa sauti, ujiachie.

(Truphosa, kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza dagaa ng'ambo ya uzio: "Programu hii ilizinduliwa, ikatekelezwa kikamilifu na kuhitimishwa rasmi na Mheshimiwa Mashimba, leo.")

Safi! Hakukwama popote. Sasa funika.

(Anaweka viganja vyote viwili juu ya marumaru.)

Sasa waambie wazazi, kwa maneno yako mwenyewe, kibao kinasema nini.

("Kinasema kitu hiki kimezaliwa leo na kimekufa leo, na katikati tumekunywa soda. Halafu mwalimu wetu anachukuliwa akaandike kwamba kiliishi.")

(Vigelegele kutoka kwa akina mama, makofi, miluzi, na safari hii si makofi ya kilo. Otuoma amevua kofia na anafuta macho nayo.)

Mmesikia! Mmesikia wenyewe! Hakuacha hata kipengele kimoja! Uzinduzi kautaja, utekelezaji kautaja, hitimisho kalitaja, hata soda za Bwana Pankaj kazitaja, ambazo kwenye kibao hazimo, na hiyo ndiyo tunaita kusoma kati ya mistari! Ndugu waandishi wa habari, kama mpo, huu ndio ushahidi hai kwamba programu imefaulu kabla hata sijashika mkasi. Dereva, andika hiyo, iingie kwenye simulizi za mafanikio, Mwandishi Mwandamizi atainyoosha.

(Mwalimu Rebeka: "Hiyo haihitaji kunyooshwa.")

Vizuri, umeshaanza kazi. Nipeni mkasi. Wapiga picha jipangeni, watoto sogeeni kidogo, wewe binti baki hapo, umetoka vizuri na kibao. Kwa mamlaka niliyopewa, nauzindua utepe, samahani, naizindua programu.

(Anakwenda mlangoni na kukata utepe wa bluu. Unakataa mara ya kwanza, Bwana Pankaj anaushika ukaze. Mratibu anaanza kutembea kuelekea kwenye ngazi na kipaza sauti mkononi, waya ukiburutwa na mjumbe wa Kamati Ndogo.)

Tunatekeleza sasa, ndugu wananchi, tuko kwenye utekelezaji. Hapa naweza kusema tumefikia nusu, tathmini ya katikati ya kipindi inaonyesha hali ni nzuri, changamoto iliyopo ni hili jiwe, naomba mniondolee. Ahsante. Tumevuka changamoto. Ushirikiano wa wadau umekuwa mkubwa, nawaona wadau wamenyamaza, na ukimya ni ishara ya umiliki. Naukaribia uendelevu. Haya, tumefika.

(Anakata utepe mwekundu. Unakatika mara moja.)

Imehitimishwa! Kusoma!

(Wajumbe wa kamati: "Mtambuka!")

Kuandika!

("Mtambuka!")

Programu!

(Kidato cha nne: "Iko wapi?")

Iko wapi, ndiyo, kiitikio kizuri, chenye ari ya kutafuta, tutakichukua katika awamu ya pili.

Nimalizie kwa shukrani, maana gari linasubiri na kivuko hakisubiri, ingawa leo nimekiomba kisubiri. Namshukuru Bwana Pankaj kwa vitambaa, mkasi nitaurudisha. Naishukuru Kamati ya Chakula. Namshukuru Mkuu wa Shule, sasa unaweza kukaa. Nawashukuru wazazi kwa maswali yenu ambayo hayakuwa kwenye ratiba. Namshukuru Mwalimu Rebeka, ambaye naona bado yuko na watoto wake, mwambieni aje na begi lake, na asisahau kalamu, ofisini hatuna.

Na niseme neno moja kwa unyenyekevu mkubwa. Katika kanda hii nzima hakuna mradi mwingine uliomalizika bila kitabu hata kimoja kupotea, bila mwalimu hata mmoja kulalamikia semina, bila mkaguzi hata mmoja kukuta kasoro. Wenzangu wananiuliza, Mashimba, unafanyaje? Nami leo nawapa siri yangu ninyi mliojitokeza: hatukununua vitabu, hatukuendesha semina, hatukumfundisha mtu. Hatukuanza. Kitu pekee kilichokuwapo, katika Mwanza yote na ng'ambo yake, kilikuwa kipindi cha fizikia cha Mwalimu Rebeka, na hicho nacho, kama mlivyoshuhudia kwa macho yenu, tumekifunga rasmi kwa utepe mwekundu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Waheshimiwa tuelekee kwenye chakula. Kidato cha nne rudini darasani, ninaambiwa kipindi kinachofuata ni fizikia.